Bangi Tuliyoikata Ingali Maji

Neema,

Siandiki kwamba mimi huku ni mzima na wasiwasi ni juu yako wewe huko, maana huko kwenyewe ni chumba cha pili na nakusikia unavyopigana na zipu ya begi. Umejaza mno. Nilisema koti livae mwilini, hukusikia.

Nimeshika kalamu kwa sababu tangu Jumapili hatusemezani, na mimi sitaanza. Mimi ndiye mkubwa. Na kwa kuwa Kiswahili chako cha kusoma kinachechemea, usiisome barua hii kimoyomoyo kama unavyosoma hayo magazeti ya bure ya kwenye treni. Soma kwa sauti, utanisikia. Shule niliiachia darasa la nne, mwandiko wangu ni huu, na usinisahihishe.

Ya kula na kulala sikufundishi. Ugali unaujua, kufua unajua, wanaume utawajua mwenyewe na utanipigia simu unalia. Nataka tuseme lile la Jumapili.

Nilikuwa namenya viazi. Ukaja ukaegemea friji, ukanitolea ile sauti yako ya kuombea.

"Bibi, zile mbegu bado unazo?"

Nikadhani mchicha. Nikakwambia mchicha umeisha, labda nikupe za maboga.

"Sio mchicha. Zile za kopo la kakao. Kule ninakokwenda wanapenda mbegu za zamani, za milimani. Hata wataziandika jina la Mgeta."

Kisu kilinidondoka, wewe ukadhani ni uzee. Hebu jiweke mahali pangu. Polisi wawili waling'oa mimea yangu mitatu kwenye kale kashamba ninakokodishiwa na kaunsili ya mji nyuma ya reli, wakaibeba kwenye mifuko ya nailoni mbele ya wale Wahindi ninaogawana nao maji ya kumwagilia. Mimi, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, nikakalishwa kituoni nikisomewa onyo na kijana mwenye chunusi. Mimea mitatu! Na walifika pale kwa sababu ya mdomo wako. Leo serikali hiyo hiyo inakupa koti jeupe na kadi ya kuning'iniza shingoni, ukafanye kazi kwenye jumba la vioo lenye bangi ya dawa, maelfu kwa maelfu, mahali ambapo umetia saini kwamba hutapataja hata kwa bibi yako. Mimi mhalifu, wewe mtaalamu. Halafu unataka na mbegu juu.

Nilikuita jina ambalo siliandiki. Na wewe ukanijibu, kwa Kiswahili safi kabisa, wewe ambaye kila siku ninakuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza: "Bibi, ulimlewesha Mama mpaka akavunjika." Ukaenda chumbani. Kiswahili unakijua basi. Ulikuwa unakiweka akiba.

Nimelitafuna neno hilo wiki nzima. Sasa sikia lote, maana ulikuwa na miaka kumi na saba na ulisikia nusu nusu kutoka sebuleni.

Kwetu Mgeta, kule milimani, mama yangu alikuwa na mimea yake michache katikati ya mahindi, karibu na nyumba. Haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya magoti ya wazee na migongo ya wanawake waliobeba kuni tangu utoto. Sheria ilikuwepo wakati ule kama ilivyopo leo. Karani wa jumbe alikuwa akija kukagua, mama anampa kidogo kwa ajili ya mgongo wake, anarudi kuandika kwamba huku ni mahindi tu. Mambo mengi mama alituachia watoto, ila siku ya kukata aliiamua mwenyewe. Wale waliolima za kuuza walikata mapema, kwa woga. Wakisikia gari linapanda mlima, panga. Mama alikuwa akisema ile yao ni majani ya mbuzi.

Yeye alikwenda umande ukishakauka. Anakivuta kichwa cha ua hadi puani, halafu anakigeuzia jua atazame yale matone madogo ya utomvu, madogo kama vichwa vya sindano. Mwanzoni ni meupe, unaona upande wa pili, kama maji. Yakikaa yanakuwa mazito kama maziwa. Yakikaa tena yanaiva rangi ya chai ya rangi. "Ikiwa maji, iache," alikuwa akisema. "Ikiwa maziwa, ni ya vijana na kelele zao. Wazee wangu subiri niwape chai." Na kweli wazee wakinywa ile, miili ililegea, wakalala kama watoto.

Wewe hayo umeyasoma kwa herufi. Nakumbuka ulivyonichorea mlima juu ya boksi la mayai. Ukasema kile kinachopandisha kichwa, ti-echi-si, hupanda wiki hadi wiki ua linavyokomaa mpaka kileleni, na mtu akichelewa kukata, au akikiacha juani na hewani, kinapungua na kugeuka kingine, ndicho hicho kinachosemwa kinalaza. Na ukasema kuna cha tatu, cha kutuliza bila kulevya, ambacho hicho kinategemea zaidi mbegu yenyewe ni ya ukoo gani kuliko siku uliyokata. Niliposikia hivyo nilicheka. Nikakwambia mama yangu alikuwa amekwisha kusema, kasoro boksi la mayai. Nilijiona mkubwa sana siku ile. Kumbuka hilo, maana ndipo ubaya ulipoanzia.

Mama yako alipougua, unajua jinsi miguu ilivyokuwa ikimkakamaa. Mwanamke aliyefagia uwanja wa ndege mzima tulipokuwa tunakaa Hayes, leo miguu yake inajikunja yenyewe kama kiti cha kukunja, analia. Dawa za hospitali zilimfanya zezeta. Kule kliniki mgonjwa mwenzake mmoja akawa anamgawia bangi ya mtaani, kidogo kidogo. Wiki hii analala, wiki ijayo moyo unamwenda mbio anashika ukingo wa kitanda. Haikuwa na mwenyewe wala haikuwa na siku. Nani aliikata, lini, hakuna ajuaye.

Basi akaniita, nakumbuka alikuwa amekaa pale dirishani. "Mama, ile ya Bibi ilikuwaje?" Bibi yake yeye, yaani mama yangu.

Mbegu nilikuwa nazo. Nilipokuja kukulea wewe nilizipakia kwenye kopo la kakao pamoja na mchicha na maboga, na yule mzungu wa forodha alifungua, akanusa, akafunga. Nikamjibu mama yako, "Tulia. Nitakutengenezea ya chai."

Unaona majigambo hayo? Nilikuwa na miaka mingapi sijashika mmea ule? Lakini mdomo, mpana.

Nikapanda katikati ya yale mahindi yangu ya kashamba, hapa Barking, ambayo hayajawahi kubeba gunzi la kuchekesha mtu. Mimea ikapanda. Ikapanda! Mpaka yule Mhindi akawa ananiuliza ni ua gani hili. Lakini kutoa maua haikutoa. Agosti hakuna, Septemba ndiyo kwanza inaanza. Mmea wa kwetu umezoea mchana na usiku kuwa sawa. Hapa kiangazi jua halitaki kuzama, mmea unasubiri giza lije ujue kwamba msimu umebadilika, na giza likija linakuja na baridi. Haya umenieleza wewe baadaye. Wakati ule nilidhani ni mvivu tu, kama vitu vyote vinavyoishi nchi hii.

Ikafika Oktoba, ule mwaka watu walipokuwa wakiogopa kompyuta zitazimika zote. Mvua wiki mbili. Tukaenda shambani wewe na mimi. Nikakuta majani yamekuwa manjano, nywele za maua zimekuwa kahawia, na kwetu hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabla hujatazama matone. Nikafurahi. Nikasema imeiva. Wewe ulikuwa umeazima kile kioo cha kukuzia cha shuleni, umeinama, unatazama.

"Not yet, Bibi."

"Nini bado?"

"Bado maji. Tazama."

Ukaninyooshea kioo. Sikukipokea. Unajua kwa nini? Miwani daktari wa macho alikuwa ameniandikia tangu mwaka ule mwingine na mimi niliitia kwenye droo, eti inanifanya nionekane bibi kizee. Matone nilikuwa siyaoni kabisa, Neema. Si maji, si maziwa, si chai. Niliona ukungu tu. Kahawia ile haikuwa ya kuiva, ilikuwa ya mvua na baridi. Nikakwambia, "Mama yangu hakuwa na kioo. Shika mfuko."

Na wewe ukashika mfuko.

Hapo ndipo mimi na wewe tuna kesi, na kesi hiyo haimo kwenye karatasi za polisi. Uliona. Ulisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza chooni kuna mtu. Nilipokukaripia ukanyamaza, ukanisaidia kukata maua, mashina tukayaacha. Mdomo wa kumwambia daktari ulikuwa nao. Mdomo wa kumpigia kelele bibi yako ulikuwa wapi? Ungeutupa chini ule mfuko. Ungekaa juu ya mmea. Ningekuchapa, ndiyo, halafu ningekwenda kuchukua miwani.

Yaliyofuata ulikuwa nyumbani. Nikaichemsha na maziwa kama alivyofanya mama. Mama yako akanywa kikombe. Tukakaa tukitazama televisheni, yule mwanamke wa mapishi. Hakuna kitu. Miguu ile ile. Changa haina nguvu, ndivyo ulivyokuja kunieleza, haijapanda hata nusu ya mlima, na hicho cha kulaza bado kabisa. Kwa hiyo kikaja kikombe cha pili. Na kitu cha kunywa hakina haraka kama cha kuvuta, kinajificha tumboni. Vikombe viwili vikapiga hodi kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekwenda kuanua nguo. Mama yako moyo ukamwenda mbio, akaona chumba kinamfuata, akasimama. Yeye ambaye hakuwa amesimama bila kushikwa tangu Pasaka. Akasimama na akatembea, hatua za kweli kabisa, mpaka mlangoni. Nilisikia kishindo nikiwa na shuka mikononi.

Nyonga. Tangu siku hiyo hajarudi hapa nyumbani.

Hospitalini daktari aliuliza amekunywa nini. Nikasema maziwa. Wewe ukasema yote. Yule daktari alikuwa na adabu, akaandika, akakushukuru. Halafu akaja mama wa ustawi wa jamii, kwa kuwa ulikuwa hujatimiza miaka kumi na minane, naye ukamwambia yote, hadi namba ya kashamba. Nilikuchukia. Naandika neno hilo kwa kalamu na silifuti. Nilikupikia kila siku nikiwa nimekuchukia, na wewe ulikula kila siku ukiwa umenichukia, tukaitana "Bibi" na "Neema" kama wapangaji. Zamani nilikuwa nakuita mke mwenzangu, unakumbuka? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakasirika: "Mume wetu yuko wapi basi?" Nakwambia amekwenda kununua maziwa. Utani ule ulikatika siku ile na hakuna aliyeuokota.

Kumwambia daktari ulifanya vizuri. Wangempa dawa ya usingizi ya upasuaji juu ya vikombe vile bila kujua. Hilo nilikuwa nalijua tangu siku ile ile pale kwenye benchi, na nimekaa nalo kooni mpaka leo unapofunga begi. Kumwambia yule mama wa ustawi namba ya shamba, hilo bado halijanishuka. Labda litashuka. Usilisubiri.

Usidhani nataka kukufananisha na mmea, eti umeiva, eti hujaiva. Wewe si mmea, na mimi si padri. Ninalotaka ni la kazini kwako. Umesema dawa mtakayotoa ni ya kupuliza mdomoni, ya watu wenye miguu kama ya mama yako, na kila chupa lazima iwe sawa na nyingine, ndiyo maana mnaifungia mimea mapazia kuipa giza na mnapima kabla ya kukata. Sawa. Lakini kutakuwa na mtu pale mwenye haraka. Wapo kila mahali. Atakuwa mkubwa, anajua kuliko wote, na miwani yake itakuwa kwenye droo. Atakwambia shika mfuko. Neema, ukiona maji, sema ni maji. Sema mara ya pili. Wakikukaripia sema kwa Kiswahili, watadhani umepandwa na pepo watasimama. Upande wa pili wa chupa hiyo kuna mwanamke amekaa dirishani anangoja miguu yake iache kumvunja. Hana kioo cha kukuzia. Ana wewe.

Sasa mbegu.

Leo mchana, wewe ulipokuwa umekwenda kuwaaga wenzako, nilipanda basi nikaenda kwenye makao ya mama yako. Alikuwa macho. Nilikuwa na kopo kwenye mkoba.

"Anaondoka kesho?" akaniuliza.

"Kesho mchana."

"Atapita?"

"Anasema atakupigia simu akifika."

Alitazama yale maua uliyomletea wiki iliyopita. Unajua unavyofanya: unaingia, unamwaga maji ya zamani, unatia maua mapya, unauliza kama amekula, na hajamaliza kumeza chai wewe uko kwenye lifti. Tangu avunjike hujawahi kukaa kwenye kile kiti. Unadhani haoni?

Halafu akasema, "Mama, umeshamwambia kwamba kikombe cha pili nilikiomba mimi?"

Nikamwambia hapana.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyemimina ni mimi."

"Nilikuomba mara tatu. Uliniambia ngoja kwanza, nikakwambia huna huruma."

"Tumaini, aliyemimina ni mimi."

Akacheka. Ule mcheko wake wa upande mmoja. "Mnafanana nyie wawili, mtakufa mmefunga midomo. Yeye anadhani namlaumu kwa kushika mfuko. Aliwahi kuniambia usingizini mwangu, akidhani nimelala. Nikafungua macho akakimbia."

Hilo la kushika mfuko sikujua kwamba unalo. Nilidhani nalijua mimi peke yangu, na ninakuhukumu kwalo kimya kimya. Kumbe umekuwa ukijihukumu zaidi yangu, na hasira yote ukaileta jikoni kwangu, maana kwake ilikushinda kwenda nayo. Mjinga wewe. Na mimi mjinga mwenye mvi.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, nimekwambia tangu ukiwa na meno ya kitoto. Kitu cha mama anachukua binti. Mjukuu hamruki mama yake aliye hai akaja kuchukua kwa bibi, kwetu hiyo ni sawa na kumchimbia kaburi anapumua. Ndiyo maana Jumapili nilipandwa na wazimu, na wewe ukadhani ni kwa sababu ya polisi. Ya polisi pia, lakini hilo ndilo lililonikata. Uliniomba mimi kana kwamba katikati yetu hakuna mtu.

Kopo nimemkabidhi yeye. Liko kwenye droo yake ya chini, chini ya leso. Pengine mbegu zimeshakufa kwa uzee, pengine hazijafa. Chini ya anga la nchi hii haziivi, hilo tumeliona kwa nyonga ya mtu. Kwenye jumba lenu la vioo na mapazia yenu ya giza pengine zitafika chai. Mimi sitakuwepo kuona na kioo sishiki.

Treni yako ni saa sita. Makao yanafungua mlango saa nne. Nenda ukaombe. Akikupa, umepewa. Akikunyima, panda treni yako mikono mitupu na usinune.

Ila ukifika, Neema, maua yaache. Vuta kiti.

Mimi, mke mwenzako